Kitanda Ndani ya Gari Kuukuu

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Leo twahitaji na kitu kingine, yaani futi ya kupimia. Futi ya seremala ni nzuri, na ile ya kamba ya fundi cherehani yafaa pia. Kama darasa zima lina moja tu, yatosha. Mtapokezana.

Somo la leo ni juu ya gari kuukuu, na jinsi ya kulifanya liwe mahali pa kulala safarini bila ya kumaliza fedha. Nasema na wasikilizaji wote, lakini hasa nasema nanyi mlioko Wasso na Loliondo, na wale wa Soitsambu, Malambo, Mto wa Mbu na Karatu. Ninyi mnazijua safari ndefu. Mtu hutoka Wasso na mzigo wake wa kuuza, akafika mahali pa mnada jioni, na mnada wenyewe ni kesho asubuhi. Mwingine humleta mgonjwa katika hospitali ya Wasso, ile iliyoanza miaka ya 1960 kwa kazi ya padre daktari kutoka Austria, Herbert Watschinger. Mgonjwa hupewa kitanda, lakini aliyemleta hana pa kulala. Basi hulala garini, amekaa kitini, shingo imepinda na magoti yamegusa usukani. Na asubuhi huyo huyo ndiye atakayeliendesha gari kurudi nyumbani. Dereva asiyelala ni hatari kama dereva mlevi.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2011. Mwaka ule mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya miti katika kijiji cha Samunge kwa shilingi 500. Dawa ile haikupata kuthibitishwa na wataalamu kuwa yaponya, na leo siizungumzii. Nataka myaangalie magari. Watu walikuja kwa maelfu kutoka pande zote za Tanzania, na kutoka Kenya na nchi nyingine. Yalikuja magari madogo, vipanya, mabasi na malori. Foleni ilifika kilometa nyingi, na watu walikaa ndani yake kwa siku kadha wa kadha. Wengine walikuwa wagonjwa sana, na wako waliokufa njiani kabla ya kufika. Kijiji hakikuwa na nyumba za kuwapokea wageni wengi kiasi kile. Kwa hiyo kila gari likawa nyumba, lakini nyumba isiyo na kitanda, wala maji, wala choo.

Ukitaka kujua mtu ahitaji nini hasa ndani ya gari la kulala, fikiri habari ya foleni ile. Hakuna aliyelia kwa kukosa kabati la vioo au pazia la maua. Mtu alitaka kunyosha mgongo. Alitaka maji safi, na blanketi, na hewa. Vitu vinne hivi ndivyo tutakavyovitafuta leo, na vingine nitavipita haraka.

Siku hizi vijana wetu huona katika simu zao picha za magari ya Ulaya na Marekani yaliyogeuzwa nyumba. Ndani mna jiko, mna bomba la kuogea, mna makabati mpaka juu. Picha zapendeza. Lakini magari yale hayana kazi nyingine, na mara nyingi mwenyewe anayo gari jingine la kwenda kazini. Gari lako lina kazi. Leo labeba magunia ya mahindi, kesho mbuzi, keshokutwa watu wa arusi. Ukilijaza makabati yaliyofungwa daima, kazi yake imekufa. Utakuwa umepata chumba kimoja kidogo, na umepoteza gari.

Ushauri wangu basi ni huu: usiligeuze gari kuwa nyumba. Tengeneza nyumba ndogo inayoingia ndani ya gari, na kutoka.

Fikra hii si ngeni. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kutengeneza basi lake dogo mwaka 1950. Mwaka uliofuata, 1951, kampuni nyingine ya huko, Westfalia, ikatengeneza sanduku la mbao la kuwekwa ndani ya basi lile, lenye vitu vya kulalia na vya kupikia. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na watu wachache walikuwa na fedha za kununua gari la kazi na gari la starehe. Siku za kazi sanduku lilitolewa, gari likabeba mizigo. Siku za mapumziko likarudishwa.

Wala si lazima tuende Ujerumani. Mama wa Kimasai akihama humpakia punda ngozi za kulalia, vibuyu na vyombo. Nyumba huiacha. Huchukua kilicho cha lazima na kinachobebeka. Nasi tufanye hivyo.

Tena iko faida ya pili. Gari lina kadi yake, na katika kadi yameandikwa mambo ya gari hilo: aina yake, rangi yake, namba ya chesisi na ya injini. Ukikata bati, ukiinua paa, au ukibadili bodi, gari si lile tena lililoandikwa. Itakupasa uende kwa watu wa kodi, TRA, mabadiliko yaandikwe, na askari wa barabarani na mtu wa bima watataka kulijua jambo hilo. Lakini sanduku lililofungwa kwa bolti na linalotoka ni mzigo kama mizigo mingine. Hukugusa bati hata moja.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Hapa ndipo fedha zako za kwanza ziendapo, na watu wengi hawapendi kusikia hivyo. Mtu ana gari la miaka thelathini, breki zavuta upande mmoja, tairi zimekwisha, naye yuko kwa seremala akiagiza kitanda. Aanze na breki. Halafu tairi, springi na usukani. Kama fedha zimekwisha hapo, na ziishe. Kitanda kitangoja mwezi wa pili.

Baada ya hayo, tafuta kutu. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Inua mikeka yote na vitambaa vya sakafuni. Gonga bati polepole kwa nyundo, na sikiliza. Bati zima hulia, bati lililooza hutoa sauti ya kufa kama debe lenye mchanga. Hapo choma kwa bisibisi. Ikipenya, usitie rangi juu yake ukajidanganya. Mwite fundi wa kuchomelea akate palipooza na kuziba kwa bati jipya. Lala chini ya gari uangalie na chesisi, maana bodi mbovu hukuletea mvua tu kitandani, lakini chesisi mbovu huweza kuvunjika njiani.

Wenye Land Rover za zamani wana jambo lao la kuangalia. Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948, na Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Ndiyo maana utaona Land Rover kuukuu ambayo bodi yake yang'aa, na mwenyewe hujisifu. Lakini chesisi yake ni chuma. Mwambie alale chini aitazame.

Na ninyi mpitao Ngaresero, karibu na Ziwa Natron, mnajua magadi ya pale. Tope lile lina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Ukifika nyumbani, osha gari upande wa chini kabla hujaosha kioo. Ndoo mbili za maji chini ya gari zina thamani kuliko sabuni ya kung'arisha juu.

Haya, fungueni madaftari. Twaja kwenye kitanda.

Mbao zilizoshindiliwa, ambazo mafundi wetu huziita plaiwudi, huuzwa kwa karatasi. Karatasi moja ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani sentimeta 244 kwa 122. Andikeni namba hizo. Magodoro ya sponji nayo huuzwa kwa vipimo, na kipimo kimoja kinachopatikana kila duka ni futi 4 kwa 6. Sasa hesabu. Ukiikata karatasi ya plaiwudi kwenye futi ya 6, wapata kipande cha futi 6 kwa 4, ambacho ni sawasawa na godoro lako. Kinachobaki ni futi 2 kwa 4, na hicho kitafaa kwa kazi nyingine. Karatasi moja, godoro moja, wala hakuna kinachotupwa.

(Hapa mwalimu wa darasa achore karatasi hiyo ubaoni. Wanafunzi waichore katika madaftari yao, na kuandika vipimo.)

Mmemaliza? Vema. Sasa kile kipande cha futi 6 kwa 4 kikate tena katikati kwa urefu. Utakuwa na mbao mbili, kila moja futi 6 kwa 2. Kwa nini tukate? Kwa sababu kipande kizima ni kigumu kupitisha mlangoni, na kwa sababu mchana wahitaji nafasi. Ubao mmoja utakaa juu ya sanduku upande wa kushoto, nao ni benchi la kukalia. Ubao wa pili mchana hulala juu ya wa kwanza. Usiku wauteremsha upande wa kulia juu ya miguu yake, na benchi limekuwa kitanda cha watu wawili. Godoro nalo likatwe kwa kisu kirefu, fundi cherehani ashone foronya mbili za kitambaa kigumu.

Hapo wengine mtasema: mimi mrefu, futi 6 hazinitoshi. Najua, Wasso watu warefu hawakosekani. Mtu wa namna hiyo, akiwa peke yake, alale kwa mshazari kutoka pembe hii hadi pembe ile. Atapata zaidi ya futi 7.

Kabla ya kukata, pimeni gari. Magari hayafanani. Noah si sawa na HiAce, na HiAce fupi si sawa na ndefu. Pima urefu kutoka nyuma ya kiti cha dereva mpaka mlango wa nyuma. Pima upana mara mbili, juu na chini, maana chini kuna vifuniko vya magurudumu vinavyoingia ndani na kula nafasi. Kama kati ya vifuniko hivyo hamna futi 4, si neno, fanya miguu ya kitanda iwe mirefu kupita urefu wa vifuniko, ubao upite juu yake.

Urefu wa kitanda kutoka sakafuni uamuliwe na dumu la maji. Simamisha dumu lako la lita 20, pima, uongeze upana wa vidole viwili. Hicho ndicho kimo cha kitanda. Watu wengi hutengeneza kitanda kwanza, halafu wakaona dumu haliingii chini yake, maji yakakaa juu ya kitanda na mtu sakafuni.

Fremu itengenezwe kwa mbao za mbili kwa mbili, zilizokauka vizuri. Usitumie misumari peke yake. Barabara zetu zina mikunjo kama bati la nyumba, na gari likipita juu ya mikunjo ile hutetemeka mamia ya mara kwa kila kilometa. Msumari huanza kutoka kidogo kidogo, na baada ya safari tatu kitanda chaimba. Tumia gundi ya mbao pamoja na skrubu, na mahali penye uzito tumia bolti na nati. Wasso hadi njia panda ya Sale ilitiwa lami, kilometa 49, na watu wameshukuru. Lakini usitengeneze kitanda cha lami tu. Gari lako litatoka nje ya lami siku ile ile.

Sanduku lote lifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale yaliyoshika viti vya abiria ambavyo umeviondoa. Matundu hayo yana chuma imara chini yake. Hili si neno la kupuuza. Gari likifunga breki ghafula, kila kisichofungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule uliokuwa nao. Sanduku la kilo 80 lisilofungwa litakuja kwenye mgongo wa dereva. Kwa sababu hiyo hiyo mtu asilale kitandani gari likienda. Kitanda ni cha gari lililosimama.

Tufanye hesabu ya uzito. Tuseme gari lako limeruhusiwa kubeba kilo 1,000. Sanduku na mbao ni kilo 80. Godoro na mablanketi, kilo 10. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40. Jiko na vyombo, kilo 15. Wewe na msaidizi wako, kilo 140. Jumlisheni wenyewe. (Mwalimu angoje.) Jibu ni kilo 285. Toa katika 1,000, zabaki 715 za mzigo wa kuuza. Kabla ya leo ulikuwa ukipakia kiasi gani? Kama ulikuwa ukipakia 1,000 pamoja na watu wawili juu yake, gari lako lilikuwa likionewa tangu zamani.

Vitu vizito vikae chini, karibu na magurudumu ya nyuma, kushoto na kulia kwa usawa. Juu ya keria weka mikeka na vitu vyepesi tu. Nimeona vipanya vyenye tangi la maji juu ya paa, na mwenyewe anasema atapata maji ya kuoga yanayoteremka. Katika miteremko ya Ngorongoro gari lenye uzito juu huyumba kwenye kona, na likianza kupinduka halingoji.

Je, fedha? Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni mfano huu, na baadaye muweke bei za kwenu. Tuseme yuko mama mmoja wa Wasso auzaye vyombo katika minada, na gari ni la kaka yake. Kwa mwezi hulala nje usiku 6, na nyumba ya wageni ni shilingi 15,000 kwa usiku. Mara 6 ni shilingi 90,000. Plaiwudi, mbao, skrubu, godoro, fundi na madumu vimemgharimu shilingi 540,000. Gawanya 540,000 kwa 90,000. Jibu ni 6. Baada ya miezi sita sanduku limejilipa. Lakini mama huyu analala nje usiku mmoja tu kwa mwezi? Basi ni 15,000 kwa mwezi, na sanduku litajilipa kwa miezi 36, yaani miaka mitatu. Huyo mimi namshauri asitengeneze kitu. Anunue godoro jembamba na blanketi, atandike juu ya sakafu ya gari siku hiyo moja. Kila mtu apige hesabu yake kabla ya kwenda kwa seremala, si baada.

Sasa naja kwenye hewa, na hapa nawaomba wote mnyamaze na kusikiliza, hata walio nyuma.

Wasso ni nchi ya juu na baridi yake mnaijua. Kingo za bonde la Ngorongoro ni baridi zaidi. Mtu aliyelala garini mwezi wa Juni au Julai huamka saa nane usiku akitetemeka, naye ana jiko la mkaa. Fikra humjia: nitalitia ndani kidogo tu, mkaa umekwisha kushika vizuri, hauna moshi. Fikra hiyo imeua watu.

Mkaa uwakao katika mahali padogo hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hukuti dalili ya kukuamsha. Damu yetu ina kazi ya kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Hewa hii ya sumu huishika damu kwa nguvu kuliko hewa safi, ikakaa mahali pake, na damu yazunguka bila kupeleka kitu. Mtu aliye macho huumwa kichwa, hulegea, husikia kichefuchefu. Mtu aliyelala huzidi kulala. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu ndio unaoaminiwa.

Najua swali litakalokuja. Mzee mmoja atasema: katika nyumba ya Kimasai moto huwaka ndani, na sisi tumezaliwa humo na kukua. Kweli, mzee wangu. Lakini nyumba ile hupumua. Imejengwa kwa fito na kukandikwa, ina matundu ya kutolea moshi, na mlango wake haufungwi kwa mpira. Hata hivyo moshi wake huumiza macho ya akina mama na mapafu ya watoto. Gari ni debe la chuma. Kila mlango una mpira wa kuzuia mvua na vumbi, na mpira ule ule huzuia hewa. Usilinganishe.

Basi jiko la mkaa lisiingie garini usiku, liwe limewaka au limefunikwa majivu. Mkaa uliofunikwa majivu bado waendelea kutoa sumu. Injini nayo isiachwe ikiunguruma ili gari lipate joto, maana moshi wa ekzosi una sumu hiyo hiyo, na katika gari kuukuu bomba la ekzosi mara nyingi limetoboka chini ya sakafu unayolalia. Mtungi mdogo wa gesi upikie nje, na ulale nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kukaa, ikingoja kiberiti. Mkimkuta mtu amelala garini penye jiko na haamki, fungueni milango yote, mtoeni nje mara moja, mkimbizeni hospitali. Msianze kumwagia maji na kubishana.

Joto utalipata kwa njia nyingine. Chemsha maji kabla ya kulala, yatie katika chupa imara, ifunge vizuri, uivishe soksi au kitambaa, uiweke miguuni. Yakaa na joto muda mrefu. Chini ya godoro tandika magunia matupu au maboksi ya karatasi, kwa sababu baridi nyingi hutoka chini. Shuka mbili zilizopandana zashinda moja nene.

Na madirisha? Yaachwe wazi upana wa vidole viwili, pande mbili za gari, ili hewa ipite. Funga wavu wa chandarua kwa ndani, mbu wasiingie. Mtu akilala hutoa maji kwa pumzi na jasho, kiasi cha kikombe kizima au zaidi kwa usiku mmoja. Watu wawili, vikombe viwili. Gari likifungwa lote, maji hayo hushika kwenye bati baridi, hudondoka juu ya godoro, na huingia nyuma ya mbao. Huko yataanza kazi ya kutu bila wewe kuona. Kwa sababu hiyo sipendi desturi ya kugandisha sponji na mazulia kwenye kuta zote za gari. Yapendeza mwezi wa kwanza, na mwaka wa pili ukibandua utakuta bati limegeuka unga. Ning'iniza khanga au shuka kwa kamba, uitoe asubuhi ianikwe.

Vumbi ni kinyume chake. Gari likienda, hewa nyuma yake huwa pungufu, na vumbi huvutwa kuingia kwa mlango wa nyuma. Mtu hufunga madirisha yote akidhani anajikinga, kumbe anazidi kulivuta. Badili mpira wa mlango wa nyuma kama umekatika, funga madirisha ya nyuma, na fungua kidogo matundu ya hewa ya mbele. Hewa iingiayo mbele huisukuma ile ya ndani itoke nyuma, na vumbi halipati njia. Nanyi mnaobeba mzigo mrefu na kuacha mlango wa nyuma wazi, moshi wa ekzosi nao hurudi ndani kwa njia hiyo hiyo.

Taa ni jambo jepesi. Nunua taa ndogo ya jua, iweke juu ya dashibodi mchana ishibe, uitundike usiku. Usiguse betri ya kuwashia gari, usije ukawa na mwanga usiku na kukosa safari asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani, na dumu lake litiwe alama, lisichanganywe na lile la kunawia. Jembe dogo lichukuliwe kwa ajili ya choo, penye vichaka, mbali na mto na kisima.

Mwisho, mahali pa kusimama. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na ya Serengeti huwezi kulala garini popote ulipochoka. Mageti hufungwa jioni, na wageni hulala katika kambi zilizowekwa kwa malipo, kama ile ya Simba juu ya kingo za bonde. Kama huna nia ya kulipa, panga safari uwe umevuka kabla ya jua kushuka, au ulale Karatu. Nje ya hifadhi, simama karibu na watu. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mzee wa boma, ujitambulishe kabla ya giza. Usisimame katika korongo kavu hata kama mchanga wake ni laini na pana kivuli, maana mvua huweza kunyesha mbali milimani, wewe huioni, na maji yakakujia usiku.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila kundi la watu watano lichague gari moja la jirani, limwombe ruhusa mwenyewe, lipime urefu, upana wa juu, upana wa chini, na kimo cha dumu. Andikeni kwa sentimeta. Chini yake andikeni bei za plaiwudi, godoro na skrubu kama zilivyo katika duka la kwenu, si zile nilizotaja mimi. Mwalimu atazikusanya. Asiyejua kugawanya bado amwombe mwenzake, lakini namba aziandike kwa mkono wake mwenyewe.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka siku ya somo.